Kitufe cha Dakika 15 Hakiokoi LUKU Yako

Wiki hii nimeulizwa mara tatu, na hii ya tatu ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Dada mmoja wa Tabata kanipigia nikiwa nimelala sakafuni kwa mteja mwingine, mkono mmoja umeshika pampu, maji yananiingia kwapani. "Fundi, mashine yangu ya kufulia inazunguka saa mbili na nusu. Inanimalizia umeme. Nitafutie ile ya dakika 15."

Nikamuuliza ipi hiyo. Akasema kaiona kwa jirani, ina kitufe.

Hicho kitufe hata yako inacho, dada. Kipo tangu siku uliyoitoa dukani. Na kikikufanyia hayo unayoyataka, mimi naacha ufundi nikauze urojo.

Umeme nitaupita haraka, maana hesabu yake ni ya darasa la saba. Kwenye mashine ya mlango wa mbele walaji wa umeme wa kuhesabika ni wawili: mota na hita. Mota wakati wa kufua inageuza tangi, inapumzika, inageuza tena. Tuionee kidogo, tuseme inavuta wati 150 muda wote bila kupumzika. Hita ni wati 2,000 hivi, yaani pasi mbili zikiwaka pamoja. Hita ikiwaka dakika 20 tu imeshakula ambacho mota ingekula kwa saa nne na ushee. LUKU ya shilingi 10,000 inakupa uniti 28 hivi. Kufua nguo za pamba kwa nyuzi 60 kunakula karibu uniti moja. Kufua kwa maji baridi, hata kukichukua saa nzima, hakufikishi robo ya uniti. Kwa hiyo unachokilipia ni moto wa maji. Kuzunguka kwenyewe ni chenji.

Mashine ya dada wa Tabata nilipoifungulia Jumatano ilikuwa kwenye pamba nyuzi 60. Imekaa hapo tangu inunuliwe. Anafulia dera na fulana za watoto kwa moto wa kufulia mashuka ya hospitali, halafu analaumu saa.

Hawa wenzetu wa Ulaya ndio waliotuchanganya, ingawa kwao wana hoja. Tangu Machi 2021 lebo ya umeme ya mashine zao inapimwa kwa programu inayoitwa Eco 40-60, na programu hiyo kwenye mashine kubwa hupita saa tatu. Mtu wa hapa akiona saa tatu anashika kichwa. Lakini wameirefusha kwa makusudi ili wapunguze joto. Mkemia mmoja Mjerumani wa kampuni ya Henkel, Herbert Sinner, alilieleza jambo hili mwaka 1959 kwa duara lenye vipande vinne: joto, muda, sabuni na msuguano. Ukikipunguza kipande kimoja, vingine lazima vinenepe kuziba pengo. Bibi yangu Korogwe hakuwahi kumsikia Sinner, ila alikuwa analoweka nguo usiku na kuzifua asubuhi. Muda ule wa usiku ulikuwa unafanya kazi bila kudai senti.

Sasa chukua duara hilo ukakitazame kitufe cha dakika 15. Muda umekatwa. Joto limekatwa, maana hita haiwezi kufanya la maana kwa dakika zile. Msuguano nao umekatwa, tangi linageuka mara chache. Kilichobaki ni sabuni, na hapo ndipo watu wanapoongeza kikombe cha pili. Masikini sabuni.

Fungua kitabu cha maelekezo, kile kilicho bado ndani ya nailoni yake nyuma ya mashine. Kuna jedwali la programu na uzito. Mbele ya ile ya haraka, kwenye mashine nyingi za kilo 7 na 8, utakuta imeandikwa kilo 2 au karibu na hapo. Kilo 2 za nguo kavu ni jinzi mbili na mashati matatu. Basi. Programu ile imetengenezwa kwa ajili ya shati la ofisini lililovaliwa mara moja likashika jasho. Haikutengenezwa kwa ajili ya sare ya mtoto aliyecheza mpira kwenye vumbi la Mbagala, sembuse tangi lililoshindiliwa mpaka mlango unafungwa kwa goti.

Nini kinatokea ukishindilia? Maji hayafiki katikati ya lile bonge. Sabuni ya unga inabaki pale ilipoangukia. Kusuuza kumepunguzwa, kwa hiyo unachokianika kina sabuni ndani. Michirizi myeupe kwenye suruali nyeusi ndiyo hiyo, na ile miwasho ya mtoto mchanga shingoni mara nyingine huwa ni hiyo hiyo. Kisha mama anaona hazijatakata, anarudia. Anarudia tena. Dakika 15 mara tatu, maji mara tatu, na programu ya kawaida ya dakika 45 ingekuwa imeshamaliza, yeye yuko sebuleni anakunywa chai.

Na povu, jamani. Sabuni ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu, kwa sababu bila povu hatuamini kama tunafua. Kwenye mlango wa mbele povu ni kama godoro: nguo zinaanguka juu ya kitu laini, hazisuguani. Mashine nyingi za sasa zikihisi povu zinasimama kulisubiri lishuke, au zinaongeza maji ya kusuuza. Kwa hiyo umebonyeza dakika 15 na mashine inakaa 40. Nunua ya mashine, weka kidogo. Nimemaliza.

Kuna jambo ambalo sijawahi kumsikia muuzaji wa Kariakoo akilisema, nalo ndilo linaloamua kama mashine yako itakuwa fupi au ndefu: presha ya maji. Zile dakika zilizoandikwa kwenye kioo zinadhani maji yanaingia kwa nguvu. Tanki likiwa juu kwa mita 10 linakupa baa moja, ndicho kipimo cha presha. Simtanki lako limekaa juu ya mnara wa mita 3, mashine iko chini yake, hiyo ni baa 0.3, kiwango ambacho mashine nyingi hukihesabu kuwa cha chini kabisa, na bado hujatoa mikunjo ya bomba na chujio lenye mchanga. Vali za mashine hizi zinategemea presha hiyo hiyo ya maji ili zifunguke na kufunga vizuri. Presha ikiwa dhaifu, vali nyingine inashindwa hata kufunga sawasawa, unaamka asubuhi unakuta maji yamejaa ndani na mashine imezimwa.

Kwa hiyo kabla hujauliza programu, chukua ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Fungua bomba pale pale mashine itakapokaa. Ikijaa kwa dakika 2, una lita 5 kwa dakika, unaweza kuishi na mlango wa mbele, ambao kwa mfuo mmoja hutumia lita 50 hivi: dakika 10 za kujaza tu. Ikijaa kwa dakika 5, zinakuwa dakika 25 za kujaza, na hakuna kitufe duniani kitakachokuokoa. Zile otomatiki za mlango wa juu ndiyo kabisa, kubwa zake zinakunywa lita 100 na kuendelea kila mfuo. Nimeitwa mara nyingi kwa mashine "mbovu" ya LG inayoandika IE au Samsung inayoandika 4C, yaani maji hayaingii vizuri, na tatizo ni koki imefungwa nusu. Nauli yangu unalipa vile vile.

Sasa aliyeniuliza mashine fupi kwelikweli, iliyo fupi kwa kuzaliwa, namjibu: matangi mawili. Ile wanayoiita semi otomatiki, ile watu wanaionea aibu sebuleni. Taima ya kufua inaishia dakika 15, ya kukamua dakika 5. Hita haina. Chini kuna sahani inayosokota maji kwa fujo, kwa hiyo msuguano umejaa tele kuziba pengo la muda na joto. Unamwagia maji kwa ndoo, presha haikuhusu, hata siku bomba limekatika unafua kwa maji ya madumu. Fua dakika 10, kamua, suuza mara mbili, kamua. Nusu saa tangi limekwisha, kwa umeme mdogo sana. Tangi lake la kukamulia ni jembamba na linakwenda kasi, nguo zinatoka zimekauka kuliko otomatiki nyingi za mlango wa juu, na wakati wa masika hilo ni jambo kubwa. Umeme ukikatika hakuna programu ya kupotea, ukirudi unazungusha taima upya unaendelea. Haina bodi ya kuungua TANESCO wakiamua kucheza na volti. Vinavyokufa ni kapasita, mkanda, na sili ya tangi la kukamulia, ambayo ikivuja maji yanadondokea mota. Ukisikia mlio wa kusaga wakati wa kukamua, usisubiri mwezi uishe.

Lakini nikiri makosa. Miaka michache nyuma nilimshauri mama mmoja mtu mzima achukue hii, nikamsifia wee. Nilisahau kumuuliza mgongo. Kuzitoa shuka zilizolowa tangi hili kuzitia lile, mara tatu kwa mfuo mmoja, si kazi ya mtu mwenye pingili zinazouma. Mashine ikawa meza ya kuwekea ndoo. Tena zile sahani zinasokota kanga na mikono ya mashati kama wasusi wa Sinza, kitambaa chepesi hakidumu nazo sana.

Kosa la pili linaniuma zaidi. Kwa muda mrefu nilikuwa nawaambia wenye mlango wa mbele wafue kwa baridi tu, maji yetu ya Dar yenyewe yana nyuzi 27 hivi, hayafanani na bomba la Ujerumani wakati wa baridi. Bado naamini hivyo kwa nguo za kila siku. Ila baada ya mwaka naitwa: fundi, mashine inanuka. Navuta mpira wa mlango, kuna ute mweusi. Baridi tupu na programu fupi tupu hazisafishi mashine yenyewe. Siku hizi nasema mara moja kwa mwezi washa nyuzi 60, tia mashuka na taulo, lipa hiyo uniti yako. Je, mara moja inatosha kwa kila nyumba? Kwangu inatosha. Kwa shemeji yangu mwenye mapacha haikutosha, tukaenda kila wiki mbili.

Nguo zilizochafuka hasa, mimi mwenyewe naloweka usiku kwenye beseni na asubuhi natumia programu ya dakika 30 tangi likiwa nusu. Kola nazisugua kwa mkono kwanza. Ndiyo, fundi wa mashine anasugua kola kwa mkono.

Mawili matatu kwa mbio. "Invata" iliyoandikwa mlangoni ni namna ya kuendesha mota; haimaanishi mashine itafua umeme ukikatika, na sijui niliseme hili kwa lugha gani likaeleweka. Za mtumba kutoka Ujerumani ni ngumu na nzuri, lakini jua unachobonyeza: mteja wangu mmoja alifulia kila kitu kwenye Kochwäsche miaka miwili akidhani Koch ni jina la aliyeitengeneza. Ni programu ya kuchemsha. Kanga zake zilikuwa zimebaki na kumbukumbu ya rangi. Na hizi zinazokuja kwenye makontena kutoka Marekani, zenye sifa za kufua kwa nusu saa: kwao ni volti 120 na hezi 60, yaani mapigo 60 ya umeme kwa sekunde. Transfoma itakurekebishia volti, hezi zitabaki 50. Ikiwa ni ya taima ya kuzungusha, dakika zake 30 hapa ni 36, na mota inazunguka taratibu huku inachemka.

Ukiwa dukani basi, usimuulize muuzaji programu ziko ngapi. Ziko 14, utatumia 2. Omba kitabu, tafuta programu fupi kuliko zote inayokubali tangi lililojaa. Kwenye nyingi ni ile ya mchanganyiko au ya kila siku, kati ya dakika 45 na saa moja. Angalia kama unaweza kuiweka kwenye baridi au nyuzi 20, na kama ina nyongeza ya kusuuza. Uliza umeme ukikatika inaendelea au inaanza upya. Muuzaji asipojua, chomeka, washa, chomoa, chomeka tena, utazame mwenyewe. Atakununia. Mwache anune.

Dada wa Tabata nimemhamishia kwenye mchanganyiko baridi, dakika 55. Halafu nikaenda kuangalia bafuni: ana shawa ya moto ya wati 5,500, nyumba ya watu sita, kila mmoja dakika 10 asubuhi. Piga mwenyewe hesabu, mimi nilimpigia palepale kwenye karatasi ya risiti. Akaitazama, akasema bado anaitaka ya dakika 15, ila sasa ni ya mama yake Handeni, ambako maji yanakuja kwa madumu. Hapo sina ubishi. Jumamosi tunakwenda Kariakoo kuchukua ya matangi mawili ya kilo 7, na nimemwambia apime kwanza mlango wa chumba cha kufulia cha mama, maana safari iliyopita nilibomoa fremu ya watu.