Ukiihashi namba ya simu, bado ni namba ya simu

Safari hii nimeisikia kwa timu inayotengeneza mkataba mahiri (programu inayojiendesha kwenye blokucheni, daftari la pamoja la kidijitali lisilofutika) wa mikopo ya vikundi: "Kwenye blokucheni tunaweka hashi tu, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi haituhusu." Na mwanasheria wao anaitikia kwa kichwa!

Hashi ni msimbo unaopatikana kwa kupitisha taarifa kwenye kanuni ya hesabu; taarifa ileile hutoa msimbo uleule. Haya, tupige hesabu. Namba ya simu ya mkononi Tanzania huanza na 06 au 07, kisha tarakimu nane. Hata ukijumlisha zisizotumika, hazizidi milioni 200. Kompyuta mpakato ya kawaida inazipitisha zote kwenye keccak256, kanuni ya kuhashi ya blokucheni ya Ethereum, kwa dakika chache, inalinganisha na hashi yenu, basi, mwenye namba kajulikana. Mtaniambia hashi hairudi nyuma. Ni kweli, ila nani anahitaji kuirudisha? Anakisia mpaka ipatane. Kuhashi kitu chenye majibu machache hivyo ni kufunga mlango kwa pazia.

Wengine wanajitetea kwamba wameandika "private" (ya faragha) kwenye Solidity, lugha ya kuandikia mikataba mahiri. Jamani! Hiyo inazuia mikataba mingine tu. Mtu yeyote akiita eth_getStorageAt, ombi la kusoma hifadhi ya mkataba, anaisoma thamani yenyewe. Na msinitajie selfdestruct, amri ya mkataba kujifuta: haijawahi kufuta historia, na tangu maboresho ya Ethereum ya Machi 2024, mara nyingi hata msimbo haiufuti.

Sheria yetu ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mhusika haki ya kutaka taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Kwa hiyo namba ikae kwenye hifadhidata ya kawaida. Kwenye mnyororo, yaani hiyo blokucheni, kama hamna budi, pelekeni hashi iliyotiwa chumvi ndefu ya kubahatisha (herufi za siri zinazochanganywa na namba kabla ya kuihashi), kila mtu na yake. Akitaka afutwe, futeni rekodi pamoja na chumvi.

Je, hashi iliyobaki bado ni taarifa binafsi? Naona siyo, lakini kiapo mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi siapi. Linaloninyima usingizi zaidi ni hili: mkataba usio na ufunguo wa msimamizi, yaani hakuna mwenye mamlaka ya kuubadilisha, mkusanyaji wake (anayewajibika kisheria kwa taarifa) ni nani? Aliyeupandisha? Wenye nodi, kompyuta zinazoendesha mnyororo? Bodi ya Ulaya ya Ulinzi wa Data, kwenye mwongozo wake wa Aprili 2025, imegoma kupokea kisingizio cha "kiufundi haiwezekani", na sidhani kama Dodoma watakuwa wapole zaidi.

Kama namba zimeshapanda bila chumvi, hazishuki tena. Sitisheni usajili mpya leo, na mwanasheria wenu aanze kuandika barua kwa wateja.