Potreti ya mtoto kutoka kwenye picha ya simu, maana yake nini hasa?

Potreti ni mchoro wa sura ya mtu maalum, yaani ukiutazama unasema huyu ni mtoto wa fulani, siyo mtoto yeyote tu. Mtu mzima anaweza kukaa mbele ya mchoraji akatulia, ila mtoto wa miaka mitatu nani atamkalisha, ndo maana potreti nyingi za watoto zinachorwa kwa kutazama picha za familia. Hapa Bagamoyo wachoraji wapo, mji wenyewe una TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, kwahiyo kumpata wa kukuchorea siyo tabu. Tabu ni kwamba wazazi wengi wanadhani mchoraji anaikuza tu ile picha vilevile ilivyo.

Kamera inadanganya jamani. Angalia picha tunazowapiga watoto Idi, mtoto kavaa kanzu na kofia yake, baba kasimama wima anampiga kwa juu tena kwa karibu mno, basi paji la uso linakua kubwa, pua inatuna, masikio yanarudi nyuma na miguu inakua mifupi. Kwenye simu tumeshazoea hatuoni kitu, lakini hamishia hiyo kwenye kanvasi, kile kitambaa cha kuchorea kinachotundikwa ukutani, uone, mama mtu atasema mbona huyu siyo mwanangu. Mchoraji anayeijua kazi anayarekebisha hayo, na ili aweze anataka picha kadhaa za mtoto huyohuyo, hata zile zilizotoka vibaya.

Alafu uso wa mtoto una vipimo vyake. Kwa mtu mzima macho yapo karibu katikati, ukipima toka utosini mpaka kidevuni, ila kwa mtoto mchanga yapo chini ya hapo na taya ni dogo. Kichwa cha mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, cha mtu mzima kinaingia mara 7 mpaka 8. Pandisha macho kidogo tu na mtoto anageuka mzee mfupi, na meno nayo, ukipiga mstari mweusi kati ya kila jino umeshamzeesha.

Wengi wanapiga gridi, yaani visanduku sawasawa juu ya picha na juu ya kanvasi kwa idadi ileile, unahamisha kimoja kimoja. Ni njia halali kabisa, ila ikumbukwe gridi inahamisha na makosa ya kamera.

Kwangu mimi fundi namjulia kwenye ngozi. Mtoto akipigwa picha huku bahari inang'aa nyuma yake uso unaingia giza, na ukitafuta kivuli kwa kuchanganya rangi nyeusi ngozi inatoka kama imepakwa majivu. Kahawia na bluu ndo zinatoa kivuli chenye uhai, na masikio jua likipita kwa nyuma yana wekundu ambao simu mara nyingi inaumeza. Macho pia, fleshi inaweka kidoti cheupe katikati kabisa ya mboni na mtoto anaonekana kashtuka, mchoraji anakisogeza juu pembeni, upande ule mwanga unakotokea.

Kuna oda ngumu zaidi, za picha za albamu zilizogeuka wekundu kwa uzee, hapo lazima umuulize bibi gauni lilikua rangi gani. Na kuna za watoto waliotangulia mbele ya haki, pengine familia imebakiwa na pasipoti saizi moja tu. Hapo mchoraji anakaa na mama, anauliza alikua anachekaje, anamtazama ndugu anayefanana naye, na hiyo kazi haitakiwi kuharakishwa hata kidogo.

Ukitaka kuwaweka kwenye mchoro mmoja watoto wawili wa picha tofauti, chagua zile ambazo mwanga umewapiga upande mmoja, la sivyo wataonekana wamebandikwa. Na picha ukituma kwa WhatsApp itume kama dokumenti, ukituma kawaida inabanwa na kope zinapotea. Skrinishoti ya status usitume kabisa. Kama unaiwahi sherehe omba rangi ya akriliki, ile inayochanganywa na maji, inakauka ndani ya dakika chache, rangi ya mafuta inataka siku kadhaa na pengine wiki.