Je, wajua kwa nini redio ya AM hushika stesheni za mbali usiku?

Washa redio ya betri hapa Tanga saa saba mchana, iweke AM: utapata stesheni chache za karibu na mikwaruzo mingi. Ijaribu tena saa tatu usiku. Mshale uko palepale, ila sasa kuna mtu anasoma habari kwa Kiarabu, na ukiusogeza kidogo tu anaingia mwingine kwa lugha usiyoijua.

Kwa miaka mingi niliwaambia watu, tena kwa kujiamini, kwamba usiku mitambo huongezewa nguvu: pasi zimezimwa, mashine za kusaga zimelala, umeme umebaki, basi stesheni zinajimwagia. Si kweli. Marekani mambo ni kinyume kabisa: stesheni nyingi za AM hutakiwa kupunguza nguvu jua likizama, na nyingine kuzima kabisa, zisije zikaingiliana na za miji ya mbali. Wapo pia wanaosema ni ubaridi wa usiku. Mawimbi haya hayana habari na upepo wa Raskazone.

Kinachobadilika kiko kilomita 60 hadi 90 juu yetu. Mchana jua hung'oa elektroni kwenye hewa ya huko. Wimbi la redio likipita huzitikisa, yaani huziazima nguvu yake, nazo zilipaswa kuirudisha. Tatizo ni msongamano. Mpe mtoto sinia la chai alipitishe sokoni Ngamiani saa nne asubuhi: kila bega analoligusa, chai inamwagika. Elektroni nazo hugongana na chembe za hewa, na nguvu ya wimbi huishia kuwa joto dogo lisilomfaa mtu. Jua likizama, elektroni hizo hurudi kwenye chembe upesi, na wimbi hupenya hadi kilomita 100 na zaidi, ambako hewa ni nyembamba na elektroni nyingine hukesha. Huko ni Ngamiani saa nane usiku: sinia linapita salama. Wimbi hupindishwa na kushuka mamia ya kilomita kutoka lilikoanzia.

Mwanafizikia Mwingereza Edward Appleton alithibitisha kuwapo kwa dari hiyo ya elektroni mwaka 1924, akitumia mtambo wa BBC wa Bournemouth, na 1947 akapewa Tuzo ya Nobel. FM huitoboa na kwenda zake.

Na bahari? Husaidia, maana wimbi linalotambaa chini husafiri vizuri juu ya maji ya chumvi, hata mchana. Lakini hiyo ni njia nyingine. Msomaji wetu wa Kiarabu ameshuka kutoka juu, tena kwa njia zaidi ya moja zisizotulia, ndiyo maana sauti yake hupanda, ikafifia, ikarudi katikati ya sentensi.