Yeremia 29:11 haikuahidi muujiza wa mwezi huu

Aya hii iko kwenye kalenda, kadi za mahafali na vioo vya daladala: "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi... kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Wengi tumeizoea kama ahadi kwamba kazi, ndoa au uponyaji uko karibu mno. Sivyo ilivyoandikwa.

Ni sehemu ya barua. Yeremia, akiwa Yerusalemu, aliwaandikia Wayahudi ambao Nebukadneza, mfalme wa Babeli, aliwahamishia huko mwaka 597 kabla ya Kristo. Nabii Hanania alikuwa amewatangazia watu kwamba baada ya miaka 2 kila kitu kingerudi. Habari tamu, na ya uongo. Yeremia aliwaambia wahamishwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, tena wauombee amani mji uleule wa adui. Aya ya 10, ambayo kalenda huiacha, inataja miaka 70 kabla ya Mungu kuwarudisha kwao. Wazee walioisikia barua ile walijua watazikwa Babeli.

Naipenda aya hii zaidi nikijua hayo. Mama anayeuguza mwanawe kwa miaka hana sababu ya kujilaumu kwamba imani yake ni ndogo kwa kuwa jibu limechelewa. Walioandikiwa kwanza nao walingoja, na Mungu hakuwa amewatupa. Ukitaka kumfariji, msomee kuanzia aya ya 4, kisha msaidie kupika na kufua. Maombi yaendelee, hata ya uponyaji.