Je, wajua kwa nini aliyepandikizwa uloto hukaukiwa na machozi hata akiishi Mombasa?

Ukianika kanga Mombasa msimu wa masika, jioni utaianua ingali mbichi. Hewa ya hapa ina maji; unyevu wake hupita asilimia 70 siku nyingi za mwaka. Ndiyo maana jamaa hushangaa wakimwona mgonjwa wao, aliyerudi kutoka India akiwa amepona saratani ya damu kwa kupandikizwa uloto (ile nyama laini ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu), anatembea na kichupa cha matone mfukoni, hawezi kumaliza ukurasa wa gazeti, na akipita mbele ya feni anafumba macho. Macho makavu, hapa pwani? Mmoja atasema ni aleji, mwingine atanong'ona kwamba ametiwa jicho.

Jibu haliko hewani. Liko kwenye tezi zinazotengeneza machozi, na aliyeziharibu ni yule yule aliyemwokoa mgonjwa.

Machozi tunayoyajua sana ni ya msibani na ya kukata vitunguu. Hayo ni ya dharura. Yako mengine yasiyoonekana, yanayotandazwa juu ya jicho kila tunapopepesa, kutwa nzima, na hayo ndiyo yenye kazi. Utando wake hauzidi sehemu chache za milimita iliyogawanywa mara elfu, lakini ndani yake mna vitu vitatu. Chini kabisa kuna ute unaoyashikilia machozi yasiteleze, unaotoka kwenye seli ndogo za ngozi laini inayofunika weupe wa jicho. Katikati kuna maji yenye chumvi na protini za kuua vijidudu, kutoka kwenye tezi iliyojificha juu ya jicho upande wa nje. Juu yake kuna mafuta ya kuzuia maji hayo yasikauke upesi, na hayo hutoka kwenye vitezi vilivyojipanga ukingoni mwa kope. Konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, haina mishipa ya damu. Oksijeni yake huipata hewani kupitia utando huo. Mishipa ya fahamu inayo tele, kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili. Ikikauka, mwenyewe hahitaji kuambiwa, maumivu yatamjulisha.

Sasa tuje kwenye upandikizaji. Mgonjwa wa lukemia, yaani saratani ya damu, au wa ugonjwa mwingine wa uloto, hupewa kemotherapia kali, wakati mwingine pamoja na mionzi, hadi uloto wake unafutika. Kisha anatiwa seli shina, yaani seli changa zinazozaa damu, kwa dripu, vile vile mtu anavyoongezwa damu. Seli hizo hutafuta njia zenyewe hadi ndani ya mifupa na kuanza kutengeneza damu mpya. Daktari Mmarekani E. Donnall Thomas alichapisha ripoti yake ya mwanzo kuhusu tiba hii 1957, na 1990 akatunukiwa Nobel. Siku hizi familia nyingi za huku kwetu huifuata India, baada ya harambee na makundi ya WhatsApp ya michango yasiyolala.

Seli zikiwa za mgonjwa mwenyewe, zilizotolewa na kuhifadhiwa mapema, tatizo ninaloeleza hapa kwa kawaida halimpati. Zikiwa za mtu mwingine, hapo kuna mambo, hata kama mtoaji ni ndugu wa baba na mama mmoja aliyelingana naye kwenye vipimo vyote (na kila ndugu ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana hivyo).

Damu mpya huja na kinga mpya. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na huyu mgeni kweli humponya mwenyeji: chembe nyeupe za mtoaji huwinda masalia ya saratani yaliyonusurika kemotherapia. Balaa ni kwamba mgeni mwenyewe hachagui. Akikuta ngozi, mdomo, ini, utumbo au tezi za machozi zenye alama asizozizoea, anazishambulia nazo. Madaktari wanauita ugonjwa wa pandikizi dhidi ya mwenyeji, na kwenye karatasi za hospitali utaona herufi GVHD. Tafiti nyingi huweka wanaopata shida ya macho kati ya asilimia 40 na 60 ya waliopokea seli za mtu mwingine. Si jambo la nadra hata kidogo, na kwa maoni yangu lilipaswa kuelezwa kwa kituo kabla mgonjwa hajapanda ndege kurudi nyumbani.

Kwa nini basi kinga hiyo isizimwe tu? Kwa sababu ukiizima kabisa ili kuokoa macho, unaweza kuifungulia saratani mlango wa kurudi, na maambukizi yakaingia nayo. Kwa hiyo, macho yakiwa ndiyo yenye shida peke yake, daktari hupendelea kuyatibu pale pale yalipo kuliko kuongeza vidonge vya mwili mzima.

Ndani ya tezi ya machozi mashambulizi huacha makovu. Tezi iliyokuwa laini inakuwa ngumu na mifereji yake inaziba. Vitezi vya mafuta huziba na kufa. Seli za ute hupungua. Vitu vyote vitatu vinakwenda kwa pamoja, ndiyo maana ukavu huu si sawa na ule wa karani anayekodolea kompyuta kutwa. Na ndiyo maana unyevu wa Mombasa haufui dafu: hewa yenye maji huchelewesha machozi kukauka, haitengenezi machozi.

Linalowachanganya wengi ni kwamba jicho kavu linaweza kububujika. Konea ikiumia hulia msaada, na kama tezi bado ina uhai kidogo inamwaga yale machozi ya dharura, maji matupu yasiyo na ute wala mafuta ya kutosha, yanayotiririka mashavuni bila kushika juu ya jicho. Mgonjwa akifika kwa kemisti macho yanamchuruzika, muuzaji atamwambia ni aleji na kumpa Piriton. Dawa za aleji za aina hiyo hukausha mwili, machozi yakiwemo. Amezidishiwa shida.

Dalili hizi mara nyingi huanza miezi kadhaa baada ya kupandikizwa, hasa dawa za kutuliza kinga zinapoanza kupunguzwa. Wakati huo daktari aliyempandikiza yuko ng'ambo na mgonjwa yuko Changamwe au Likoni. Macho yanamchonyota, anahisi mchanga ndani, mwanga wa jua unamchoma, asubuhi kope zimegandana kwa matongo ya nyuzinyuzi. Akienda kliniki ya macho, neno la kwanza liwe kwamba amepandikizwa uloto kutoka kwa mtu mwingine, na barua ya hospitali iwe mkononi. Bila taarifa hiyo hata daktari mzuri anaweza kupotea njia.

Kipimo chenyewe ni cha karatasi. Daktari Mjerumani Schirmer alikieleza 1903 na mpaka leo kinatumika: ukanda mwembamba wa karatasi ya kuchujia, wenye alama za milimita, unakunjwa ncha na kuning'inizwa ndani ya kope ya chini, karibu na kona ya nje. Unafumba macho, unangoja dakika 5. Unyevu unateremka kwenye karatasi taratibu. Ukifika milimita 10 au zaidi, si haba. Usipofika 5, huo ni ukavu mkali. Wapo waliopandikizwa ambao karatasi hutoka kama ilivyoingia. Baadaye daktari hugusisha rangi ya manjano jichoni na kumulika kwa taa ya buluu, na pale konea ilipochubuka panang'aa vidoa vya kijani.

Matibabu huanza na matone ya kulainisha, na hapa kuna siri ambayo wauzaji wengi hawaitaji. Chupa nyingi za matone zina kihifadhi, mara nyingi benzalkoniamu kloridi, kinachozuia vijidudu visiote ndani yake. Mtu anayetia mara mbili kwa siku hatadhurika sana. Lakini mwenye ukavu huu anaweza kutia kila saa, na kihifadhi hicho kikirudiarudia huchubua konea ile ile inayotibiwa. Aulize matone yasiyo na kihifadhi, yale ya vijichupa vidogo vya plastiki vinavyokatwa ncha, au chupa maalumu zilizoandikwa hivyo. Ni ghali zaidi, na sioni pa kubana matumizi hapa. Usiku hutumika malhamu, ambayo hulifanya jicho lione ukungu, kwa hiyo inatiwa taa ikikaribia kuzimwa.

Matone ya siklosporini hutuliza mashambulizi yenyewe. Huchonyota mwanzoni na huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kabla ya kuonyesha kazi. Wengi huyaacha mapema wakidhani hayafai. Matone ya steroidi hufanya kazi haraka, nayo ni upanga wenye makali kuwili: yakitumiwa bila kusimamiwa huleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Haifai kununua steroidi iliyochanganywa na antibayotiki dukani kwa sababu tu jirani ilimfaa.

Kisha kuna kuzuia kidogo kilichopo kisipotee. Kwenye kona ya ndani ya kila kope kuna kitundu kinachopeleka machozi puani. Daktari anaweza kukiziba kwa kizibo kidogo, baada ya mashambulizi kutulizwa.

Ukavu ukizidi, tiba mbili zinastahili kusimuliwa. Ya kwanza ni machozi yanayotengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe. Anatolewa damu, inaachwa igande, inazungushwa kwenye mashine hadi maji ya manjano yanajitenga juu. Maji hayo, yaani seramu, yana vitamini A na protini za kukuza seli zilizomo pia kwenye machozi ya kweli. Yanachanganywa na maji ya chumvi safi, mara nyingi seramu ikiwa asilimia 20 hadi 50, yanatiwa kwenye vichupa na kugandishwa. Kinachotumika hukaa kwenye friji, vingine kwenye friza. Hayana kihifadhi, kwa hiyo stima ikipotea usiku kucha, kama inavyotokea mitaani kwetu, vichupa vilivyoyeyuka ni vya kutupa. Kazi hii ni ya maabara yenye usafi wa hospitali; asithubutu mtu kuijaribu jikoni.

Ya pili ni lenzi za skelera. Ni kubwa kuliko lenzi za kawaida, ngumu, na hukaa juu ya weupe wa jicho bila kugusa konea. Mgonjwa huijaza lenzi maji ya chumvi yasiyo na kihifadhi hadi juu, anainama uso ukitazama meza, anatanua kope kwa vidole na kuipandisha taratibu, maana hewa ikiingia itabidi aanze upya. Ikikaa sawa, konea inashinda ndani ya kidimbwi kile mchana kutwa. Waliokuwa hawawezi kufungua macho juani hurudi kazini. Bei yake si ya mchezo, lakini nikilazimika kutaja kifaa kimoja kilichobadilisha maisha ya wagonjwa hawa, nitataja hiki.

Lenzi hiyo isioshwe kwa maji ya bomba, ya kisima wala ya mtungi wa mkokoteni, hata yawe meupe namna gani. Kuna ameba anayeishi majini humo awezaye kula konea, na jicho lisilo na machozi halina cha kumzuia. Anayetawadha afumbe macho tu. Udhu hautaki maji ndani ya jicho. Na Ramadhani isimtishe: mafakihi wengi, wa madhehebu ya Shafi wakiwemo, wanasema matone ya macho hayafunguzi. Mwenye wasiwasi amuulize shehe wake, lakini asiache dawa kimya kimya.

Nyumba yenyewe nayo ina maadui. Pangaboi likizunguka juu ya kitanda hukausha macho usiku kucha, hasa kwa asiyefumba kope sawasawa. Kitanda kisogezwe, au feni ya chini ielekezwe miguuni. Kiyoyozi cha ofisini huondoa ule unyevu wote wa pwani niliousifu mwanzo. Udi na ubani ni mtihani mkubwa zaidi, maana nani atamwambia bibi asifukize nyumba Alhamisi jioni? Basi mgonjwa atoke barazani mpaka moshi ushuke. Kwenye tuktuk na bodaboda avae miwani iliyozibwa pembeni, na Kaskazi ikivuma, hata kwenye feri ya Likoni.

Vya kutotiwa jichoni ni vingi: asali, marashi ya mawaridi, maziwa ya mama, maji ya bahari. Kinga ya mtu huyu bado ni dhaifu na konea yake imechubuka. Kisicho safi kikiingia kinaweza kuleta kidonda. Samaki ale kwa utamu wake. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2018 kwa watu wenye ukavu wa kawaida uliona kwamba vidonge vya mafuta ya samaki havikuwafaa macho kuliko vya mafuta ya zeituni.

Maumivu yakizidi ghafla, uoni ukififia, au doa jeupe likitokea kwenye konea, ni hospitali siku hiyo hiyo, isiwe kesho.

Je, machozi hurudi? Tezi iliyokwisha kuwa kovu haifufuki. Lakini kwa baadhi ya watu, miaka ikipita, ile kinga mpya huuzoea mwili na mashambulizi hutulia. Dawa za kuituliza zinapunguzwa, na jicho likilindwa vizuri uoni unabaki. Matone yenyewe, wengi wao huendelea kuyatia.