ADHD: mtoto anayesahau alichotumwa kabla hajafika dukani

Namtuma dukani kwa Mangi, hatua chache tu kutoka getini kwetu hapa Moshi: chumvi, kiberiti, vitunguu viwili. Anarudia mara mbili, bila kukosea. Dakika ishirini zinapita. Nikichungulia namkuta amechuchumaa kando ya mfereji, anajenga bwawa la matope, hela bado ameikunja mkononi.

"Nilikutuma nini?"

Anakuna kichwa. "Chumvi... na nini vile, mama?"

Zamani hapo nilikuwa naona kiburi. Siku hizi naona ADHD, au kwa Kiswahili kirefu, upungufu wa umakini unaoambatana na utukutu uliozidi. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, na hurithiwa sana. Bibi akisema "hata baba yake alikuwa hivi hivi", msimpuuze, ametoa historia ya ugonjwa bila kujua.

Jina lenyewe linapotosha kidogo. Umakini mtoto anao. Huyu wa kwangu anaweza kukaa saa mbili anafungua redio mbovu, hata ukimwita kula hasikii. Kinachomshinda ni kuuelekeza: kuupeleka kwenye jambo lisilo na ladha na kuubakiza huko, kujizuia kabla ya kurukia kitu, kubeba maelekezo kichwani huku anatembea. Hilo la mwisho huitwa kumbukumbu ya kufanyia kazi. Ifikirie kama sinia dogo. Chumvi ilikuwa imekaa, kiberiti kimekaa, vitunguu pembeni. Maji ya mfereji yalipopita mbele ya macho yake yakadai nafasi, na vingine vikamwagika. Wala hakuamua kuvimwaga.

Lakini si kila mtundu ana ADHD, na hapa watu wana haraka mno. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la 2013, unataka dalili ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, zingine zionekane kabla ya miaka 12, zijitokeze mahali pawili au zaidi, tuseme nyumbani na shuleni, na ziwe zinamkwamisha kweli. Mtoto anayehangaika darasani tu pengine haoni ubao. Mwingine hasikii vizuri, au anakoroma usiku kucha na asubuhi anaamka amechoka. Kwa hiyo macho, masikio na usingizi viangaliwe pia. Kwa upande mwingine kuna binti mkimya wa dawati la nyuma anayetazama mlima dirishani kipindi kizima. Naye anaweza kuwa na ADHD, ila kwa kuwa hamsumbui mwalimu, hakuna anayemshughulikia.

Fimbo? Nimeijaribu, sifichi. Kumchapa jioni kwa kosa la asubuhi kulimfundisha kunikwepa jioni. Kinachosaidia ni maelekezo mafupi, moja baada ya jingine, ukiwa umemshika bega, ratiba isiyobadilika, na sifa pale pale anapofanya vizuri, siyo Jumapili mbele ya wageni. Kwa walio chini ya miaka sita, madaktari huanza na mafunzo kwa wazazi kabla ya dawa. Dawa zipo, methilifenidati ikiwa ya siku nyingi, na ni daktari anayeamua, baada ya kumpima na kumfuatilia. Si dawa za kuazima kwa jirani. Anzia kituo cha afya cha karibu, uombe rufaa kwenda kwa daktari wa watoto au wa afya ya akili.

Nyumbani sasa tunatumia maharage. Vitu vitatu, punje tatu mfukoni. Akifika kaunta anazitoa, anazihesabu, zinamkumbusha kwamba bado kuna kitu. Jana alirudi na chumvi, kiberiti na vitunguu viwili, anakimbia, anacheka. Chenji ameiacha kwa Mangi.