Ndiyo, wamezaana. Bado ni spishi mbili

Nimeulizwa tena. Safari hii ni mfugaji wa ndege wa mapambo, aliyenitumia picha ya jogoo wa fezanti, ndege wa jamii ya kuku, mwenye ukosi mweupe, tumbo lenye wekundu na mkia mrefu ajabu, akaandika: "Mnasema fezanti wa dhahabu na fezanti wa Amherst ni spishi mbili. Mbona kwangu wamezaana, na watoto wao nao wanataga na kuangua? Si mkubali tu kwamba ni spishi moja." Kabla yake alikuwa mwalimu wa baiolojia, na kabla ya mwalimu kulikuwa na bwana mmoja aliyekuja na habari za punda milia. Wote huleta hoja hiyohiyo, tena kwa furaha ya mtu aliyefumania.

Basi naiandika yote hapa, ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu.

Ya msingi nayapita mbio. Nazungumzia zaidi familia ya Phasianidae: fezanti, kuku-mwitu, tausi, kwale, kware, batamzinga. Kanga hawamo, wana familia yao. Na tafadhali, "fezanti" si tawi moja la ukoo. Batamzinga yuko karibu zaidi na fezanti wa kawaida kuliko kuku au tausi alivyo karibu naye, hata kama vitabu vya zamani viliwapanga kinyume chake. Kwale nao waliunganishwa kwa miaka mingi katika jenasi (kundi la spishi zenye udugu wa karibu) moja kubwa ya Francolinus, hadi ilipogunduliwa kwamba wale wakubwa wenye sauti ya kukwaruza, walalao mitini, ambao sasa ni Pternistis, wako jirani na kware, huku wale wadogo wenye mlio wa mluzi wakiwa jirani na kuku. Sura ilitudanganya wote. Hayo ni ya siku nyingine.

Turudi kwenye kuzaana. Shuleni tulikaririshwa kwamba spishi ni viumbe wanaoweza kuzaliana na kupata watoto wasio tasa. Chanzo chake ni mwanabaiolojia Ernst Mayr, mwaka 1942, ila njiani sentensi yake imenyofolewa nyama ikabaki mifupa. Mayr alizungumzia jamii za asili: viumbe wakiwa kwao, porini, katika mazingira yao, wakiwa na wenzao wa kuchagua. Akaongeza kwamba jamii hizo zimetengwa kiuzazi na nyingine. Hapo mwanzo aliweka pia zile "zinazoweza" kuzaliana, na baadaye yeye mwenyewe akaliondoa neno hilo. Sisi tumefanya kinyume. Tumetupa "asili", tumelishikilia "wanaoweza" kwa meno.

Jike aliyefungiwa bandani na jogoo mmoja tu hajachagua kitu. Huo ndio ufupi wa barua ambayo ningemjibu mfugaji wangu kama ningekuwa na adabu kidogo. Fezanti wa dhahabu, Chrysolophus pictus, ni wa milima ya katikati ya China. Wa Amherst, C. amherstiae, ni wa kusini-magharibi mwa China hadi kaskazini mwa Myanmar. Akiwa katika uchumba, jogoo hamkabili jike uso kwa uso. Humzunguka kwa ubavu, akautandaza ukosi wake upande ule alipo jike hadi unafunika uso na kuacha jicho likichungulia. Kwa huyu ukosi ni wa rangi ya chungwa wenye mistari myeusi; kwa yule ni mweupe wenye mistari hiyohiyo. Mambo yote ya mapenzi ya ndege hawa yanapita kwenye kipande hicho cha manyoya. Jike wa porini anapoona ukosi anasoma habari nzima. Jike wa bandani anasoma habari hiyohiyo, ila hana pa kwenda.

Na huyo jogoo wa kwenye picha tumtazame vizuri, maana wafugaji wengi wanaye bila kujua. Amherst halisi ana utosi wa kijani kilichokolea na kishungi chekundu kifupi, chembamba, kinachoanzia kisogoni. Tumbo ni jeupe pe. Miguu ni ya kijivu, na ngozi iliyo wazi kuzunguka jicho ni nyeupe yenye usamawati. Wa dhahabu ana kishungi cha njano kinachofunika utosi wote, tumbo jekundu na miguu ya njano. Chotara wa kizazi cha kwanza hamsumbui mtu. Kazi ni kwa wajukuu na vitukuu waliorudishwa kwa Amherst mara kadhaa: wanafanana na Amherst hadi uinue bawa ukute wekundu umevuja pembeni mwa tumbo, au wekundu wa kishungi umesogea mbele ya pale unapotakiwa kuishia, au miguu inaanza kuwa na unjano. Ndege wa namna hii wanauzwa kila siku kama Amherst safi.

Sasa kuhusu rutuba yenyewe, kitu ambacho watu wanakipa uzito kuliko kinavyostahili. Uwezo wa kupata chotara mwenye rutuba haukatiki siku koo mbili zinapoachana. Unafifia polepole, na kwa ndege unafifia polepole zaidi kuliko kwa mamalia. Kuku na kanga wako familia mbali mbali, koo zao zimeachana makumi ya mamilioni ya miaka, na bado mara mojamoja huangua chotara. Tasa, ndiyo, lakini hai na anatembea. Kwa hiyo ukinionyesha fezanti wawili wa jenasi moja wamepata watoto wenye rutuba, umenionyesha kwamba ni ndugu wa karibu. Hilo tulilijua, ndiyo maana tukawapa jenasi moja.

Tena rutuba haina jibu la ndiyo au hapana. Mwanasayansi wa jeni J.B.S. Haldane aliliona hili mwaka 1922: pale jinsia moja ya chotara inapokosekana au kuwa tasa, huwa ni ile yenye kromosomu mbili za jinsi zisizofanana. Kwa mamalia ni dume. Kwa ndege ni jike. Kwa hiyo unaweza kupata machotara ambao majogoo wanazaa na majike hawazai. Je, hao ni spishi moja na nusu? Yule mwalimu wa baiolojia aliyeniuliza hakunijibu.

Hapa ndipo anaingia bwana wa punda milia, na hoja yake ni nzito kuliko ya mfugaji kwa sababu hakuna banda. Laikipia, Kenya, punda milia wa Grévy wanaishi pamoja na punda milia wa kawaida. Wa Grévy ana kromosomu 46, wa kawaida 44. Machotara wapo, wanazaa, na wanajulikana: baba ni Grévy, mama ni wa kawaida, na mtoto hukulia katika kundi la mama. Hii ni pori tupu, hiari tupu. "Sasa?" akaniuliza.

Sasa hivi: spishi si ukuta. Jeni zinaweza kuvuja mpakani na kila upande ukabaki na mwenendo wake. Mfano ninaoupenda ni nyani wa Amboseli, waliofuatiliwa na watafiti tangu 1971. Nyani wa njano na nyani wa zeituni wanakutana pale na kuzaana, na machotara ukiwatazama hawana kasoro yoyote. Wanakula, wanapigana, wanazaa. Kwa mwenye ile fafanuzi ya shuleni kesi imefungwa. Lakini walipochunguza jeni kwa upana walikuta uteuzi asilia ukiziondoa taratibu zile zilizotoka upande wa pili, hasa katika sehemu zenye kazi muhimu. Gharama ya kuchanganyika ipo, ila inalipwa kidogo kidogo kwa vizazi vingi, na huwezi kuiona kwa kumkodolea macho mnyama mmoja mwenye afya. Nalirudia hili kwa sababu ndilo linaloniudhi zaidi: watu wanamtazama mtoto wa kwanza, wanapiga makofi, wanaondoka. Spishi hazihukumiwi kwa mtoto wa kwanza.

Na kama kuvuja kwa jeni kungekuwa kosa la kufuta spishi, tungeanza na kuku. Kuku wa kufugwa ametokana na kuku-mwitu mwekundu, Gallus gallus. Lakini ile ngozi ya njano ya miguu ya kuku wengi haikutoka kwake. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba jeni hiyo imetoka kwa kuku-mwitu wa kijivu wa India, Gallus sonneratii. Spishi nyingine kabisa imo miguuni mwa kuku, na bado sijasikia mtu akidai kwamba kuku-mwitu mwekundu na wa kijivu ni kitu kimoja. Ukiwaweka majogoo wawili hao ubavu kwa ubavu hata mtoto atawatofautisha.

Basi spishi ni nini? Ni ukoo unaokwenda njia yake na ambao tuna sababu ya kuamini utaendelea kwenda njia yake. Tunapima kwa manyoya, sauti, tabia ya uchumba, DNA, na hasa kwa kinachotokea pale jamii mbili zinapokutana zenyewe. Kama mpakani kuna ukanda mwembamba wa machotara na ng'ambo zote mbili zimebaki kama zilivyo, mimi nasema mbili. Kama zimeyeyukiana hadi huoni mpaka, moja.

Na zisipokutana kabisa? Hapo ndipo vitabu vya kiada hunyamaza, na mimi nitasema: tunakadiria. Chukua Xenoperdix wa Tanzania. Ndege huyu wa misitu ya Udzungwa aligunduliwa mwaka 1991, baada ya watafiti kuona miguu miwili ya ajabu ndani ya sufuria ya chakula, na alipoelezwa rasmi mwaka 1994 ikaonekana ndugu zake wa karibu wako misitu ya Asia. Baadaye wakapatikana wengine milima ya Rubeho. Mwaka 2003 wakaitwa nususpishi, yaani tawi ndani ya spishi, kwa jina obscuratus. Mwaka 2005 wakapandishwa kuwa spishi kamili. Ndege hawajabadilika hata unyoya katika miaka hiyo miwili. Kilichobadilika ni ushahidi wa DNA na uzito tulioupa. Kati ya Udzungwa na Rubeho kuna nyanda kavu ambazo ndege wa msitu hazivuki, kwa hiyo lile swali la "wangezaana?" halina wa kulijibu. Mimi binafsi nawahesabu wawili. Siwezi kukulazimisha.

Wapo waliojaribu kutuokoa na ukadiriaji huu. Mwaka 2010 mtafiti wa ndege Joseph Tobias na wenzake walitoa mfumo wa alama: tofauti ya rangi alama kadhaa, ya sauti kadhaa, ukifikisha 7 umepata spishi. Nautumia. Unanisaidia kutojidanganya, na kiwango chenyewe kilipimwa kwa jozi za ndege ambao hakuna anayebishana juu yao. Lakini jamii yenye alama 6 na yenye alama 7 huwa zinanitazama kwa macho yaleyale, na kuna siku najua vizuri kwamba ndege yule kapita kwa sababu mpimaji aliona kijivu pale ambapo mwingine angeona kahawia.

Fezanti wa fedha na fezanti aitwaye kalij ndio wanaonitesa. Lophura nycthemera na L. leucomelanos wana nususpishi nyingi, wanachanganyika Myanmar, na nususpishi kama lineata na crawfurdii zimehamishwa kutoka spishi moja kwenda nyingine na mjadala haujaisha: rangi inasema hivi, DNA ya mitokondria, ile inayorithiwa kwa mama, inasema vile. Fezanti wa kijani wa Japani, Phasianus versicolor, naye orodha moja inampa spishi yake, nyingine inamweka ndani ya P. colchicus. Kwa huyu sina shaka sana. Fezanti wa bara, yaani P. colchicus, waliachiwa Japani kwa ajili ya uwindaji, wakazaana naye, na wa kijani bado yupo, kijani.

Jenasi hiyohiyo ya Lophura ina kisa ambacho ningetaka kila mpenda fafanuzi ya shuleni akisome. Mwaka 1923 jozi ya fezanti wenye rangi ya bluu iliyoiva ilikamatwa Vietnam ikapelekwa Ufaransa. Wataalamu wa ndege Jean Delacour na Pierre Jabouille wakaieleza mwaka 1924 kama spishi mpya, Lophura imperialis. Jozi ile ikazaa bandani. Kwa kipimo cha kuzaana ilikuwa imefaulu mtihani wote: dume, jike, vifaranga. Ilikaa vitabuni miongo kadhaa, hadi mwaka 2003 ilipoonyeshwa kwamba haikuwa spishi hata kidogo. Ni chotara wa porini wa fezanti wa fedha na fezanti wa Edwards, L. edwardsi. Mwenzake, L. hatinhensis, alielezwa mwaka 1975 kwa sababu ya manyoya meupe mkiani. Mwaka 2012 DNA ikaonyesha kuwa ni Edwards tu aliyezaana na ndugu zake kupita kiasi. Manyoya meupe ya namna hiyo hujitokeza hata kwa Edwards wa mabandani.

Edwards mwenyewe ndiye hasara kubwa. Tangu mwaka 2000 hajaonekana porini kwa uhakika. Waliobaki mabandani wametokana na ndege wachache waliokamatwa miaka ya 1920, na katika baadhi yao imeingia damu ya fezanti wa Swinhoe wa Taiwan, kwa sababu kuna mtu aliwaweka pamoja, wakazaa, vifaranga wakawa na rutuba, na pengine akaona hakuna tatizo. Anayetaka kuwarudisha Vietnam sasa inabidi ampime DNA ndege mmoja mmoja kabla hajamruhusu atage, na kila anayekutwa na Swinhoe ndani yake anatolewa kwenye mpango, wakati waliopo hawatoshi.